Goma: Motokari ndogo ya kopo na waya, ufundi ambao wengi wanauita mchezo

Saa za jioni, wanafunzi wanapotoka masomoni, barabara za vumbi jeusi za Goma zinajaa motokari zisizohitaji petroli. Ni motokari za waya, za makopo ya nyanya na ya maziwa, zenye magurudumu yaliyokatwa katika soli ya kandambili. Mtoto anasimama nyuma, ameshika waya mrefu unaopanda mpaka kifuani, na mwisho wa waya huo umekunjwa duara kama usukani. Akigeuza mkono, magurudumu ya mbele yanageuka. Injini ni mdomo wake.

Watu wazima wengi wanapita bila kuangalia. Kwao ni mchezo wa watoto ambao wazazi wao hawana feza za kununua kitu cha dukani. Lakini ndani ya motokari hiyo kuna hesabu, kuna kuchora, kuna umekanika, na mara nyingine kuna umeme. Kuna pia swali ambalo haliulizwi sana: mkono huu wa mtoto, ukikua, utapelekwa wapi?

Swali hilo lina uzito. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serikali nchini Congo, lakini sekondari bado inalipiwa. Na tangu Januari 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango na familia nyingi zilibaki bila mshahara wa kila mwezi. Mtoto mwenye kipaji cha kutengeneza vitu anaweza kufika mwisho wa darasa la sita na njia ikaishia hapo.

Kwa hiyo inafaa kuangalia kwa karibu kazi yenyewe: namna motokari ndogo inavyojengwa, vifaa vyake vyote vikitoka mkononi, na namna ambavyo sehemu nyingine za dunia ziliigeuza kazi hiyo kuwa mlango wa masomo.

Kila kitu kinagawanywa kwa 20

Kinachotenganisha mchezo na mfano wa kweli ni kipimo. Mtoto anayecheza anatengeneza motokari yoyote. Fundi wa mfano anachagua motokari moja inayojulikana, anaipima, kisha anaipunguza yote kwa hesabu moja.

Kwa mkaaji wa Kivu, chaguo ni rahisi: Land Cruiser. Toyota ilianza kuuza aina ya 70 mwaka 1984, na umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo. Ile ndefu yenye namba 78 ndiyo inayobeba wagonjwa, askari, wafanyakazi wa mashirika na bidhaa katika barabara ambako motokari nyingine zinakwama. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma kuna sentimita 298. Upana ni karibu mita 1.8, na kimo kinapita kidogo mita 2.1. Tairi yake ya kawaida, ile inayoandikwa 7.50-16, ina kipenyo cha karibu sentimita 80.

Fundi akichagua kipimo cha 1/20, kila kitu kinagawanywa kwa 20. Sentimita 298 zinakuwa 14.9. Upana unakuwa sentimita 9. Kimo kinakuwa 10 na nusu hivi. Gurudumu linakuwa na kipenyo cha sentimita 4, pana kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya maji. Motokari nzima inaweza kusimama juu ya daftari la shule.

Hapo ndipo kosa la kwanza linajitokeza. Ile 7.50 iliyoandikwa kwenye tairi ni upana wake kwa inchi, maana yake sentimita 19. Ukigawanya kwa 20, unapata milimita 9 na nusu. Soli ya kandambili mara nyingi ina unene wa sentimita moja na nusu. Ikitumiwa jinsi ilivyo, ni kama kuivalisha Land Cruiser tairi za sentimita 30, na motokari itafanana na trakta. Soli lazima ipunguzwe kwa wembe mpaka ifikie unene unaotakiwa. Mtoto aliyegundua hilo peke yake amekwisha kufanya hesabu ya uwiano, hata kama hajui jina lake darasani.

Kutoka kartoni mpaka bati

Mafundi wazuri hawaanzi na bati. Wanaanza na kartoni, kwa sababu kartoni ikikosewa inatupwa bila hasara. Pande za motokari zinachorwa kwa rula na penseli: mlango, madirisha, boneti, paa. Zinakatwa, zinakunjwa, zinashikanishwa kwa muda ili kuona kama umbo ni lenyewe. Ndipo kartoni inafunguliwa na kuwekwa juu ya bati kama mtindo wa fundi cherehani, na mistari inachorwa kwa ncha ya msumari.

Bati zuri linatoka katika kopo kubwa la mafuta ya kupikia, lile la mraba la lita 4. Pande zake ni pana na zimenyooka, na bati lake ni jembamba kiasi kwamba makasi yanalikata. Kando ya kila kipande kunaachwa ulimi wa milimita 5 wa kushikia kipande kingine. Ukingo unaobaki wazi unakunjwa ndani na kugongwa taratibu. Kukunja huko kuna faida mbili: bati linapata nguvu, na mkono wa mtoto haukatwi. Jambo la pili si dogo. Kidonda cha bati lenye kutu kinaweza kuleta pepopunda, na mzazi anayemwachia mtoto makasi na kopo angepaswa kujua kama mtoto huyo amechanjwa.

Magurudumu yanazungukia kwenye sipoku ya baiskeli. Sipoku haishikanishwi moja kwa moja na bati, kwa sababu ingekula tundu na gurudumu lingeanza kuyumba. Inapitishwa ndani ya mrija wa kalamu iliyokwisha wino, na mrija ndio unaofungwa chini ya motokari. Hivyo chuma kinazunguka ndani ya plastiki, na motokari inateleza hata kwenye saruji mbaya.

Sehemu ngumu kuliko zote ni magurudumu ya mbele. Kila moja linahitaji kugeuka kwenye msumari wake, na yote mawili yanaunganishwa kwa waya mmoja ili yaende pamoja. Lakini motokari ikipinda, gurudumu la ndani linapita njia fupi kuliko la nje, kwa hiyo linatakiwa kugeuka zaidi. Siri ni kuufanya waya unaounganisha, ukiwa nyuma ya ekseli, uwe mfupi kidogo kuliko nafasi iliyo kati ya misumari miwili. Kanuni hiyo iliandikishwa Uingereza mwaka 1818 kwa jina la Rudolph Ackermann, wakati wa magari ya farasi, na hadi leo motokari za kweli zinaifuata. Mtoto anayeupunguza waya mpaka gari lake liache kuburuza gurudumu anaifikia kanuni ileile kwa njia ya kujaribu.

Vifaa vidogo ndivyo vinavyosema ukweli

Bodi ikikamilika, motokari bado inafanana na nyingine zote. Kinachoifanya iwe ya mtu fulani, ya mahali fulani, ni vifaa vya juu yake. Hapo fundi anaweza kutumia siku nyingi kuliko alizotumia kwa bodi.

Keria ya paa inatengenezwa kwa waya wa shaba unaotoka katika mota iliyoungua. Kila pande zinapokutana, zinafungwa kwa uzi mwembamba na tone la gundi. Mwenye rafiki anayetengeneza redio anaweza kumwomba azilehemu. Juu ya keria kunapangwa mizigo. Jerikani ya chuma ya lita 20, ile ya kijeshi, ina kimo cha sentimita 47, upana wa 34 na nusu, na unene wa 16 na nusu. Kwa 1/20 inakuwa na kimo cha milimita 23 hivi, upana wa 17 na unene wa 8. Inachongwa kwa mti laini, inasuguliwa, kisha inapata mikono mitatu ya waya, kwa sababu jerikani ya kweli ina mikono mitatu. Akiweka mmoja tu, anayeijua jerikani atatambua mara moja.

Bomba la kuvutia hewa, linalopanda kando ya kioo cha mbele, linatoka katika mrija wa plastiki uliopashwa joto na kupindwa. Antena ndefu ya redio ni uzi mmoja wa chuma kutoka katika kebo ya breki ya baiskeli. Turubali ni kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Vioo vinakatwa katika chupa ya maji, kwenye sehemu iliyonyooka. Taa za mbele zinaweza kuwa taa ndogo za tochi iliyokufa: mawe mawili ya volti 1.5 yaliyofuatana yanatoa volti 3, na hizo zinatosha kuwasha taa nyeupe ya aina hiyo. Taa nyekundu za nyuma zinahitaji volti 2 hivi, kwa hiyo zikiunganishwa bila kipunguza umeme hazikawii kuungua.

Rangi inapakwa mwisho, na kwa wembamba. Rangi nzito inaziba mistari ya milango na kufanya kazi yote ionekane kama keki. Kabla ya rangi, bati linasuguliwa kwa karatasi ya msasa. Asiye nayo anaweza kutumia jiwe la volkano, ambalo Nyiragongo imelisambaza mji mzima.

Kisha kuna uchafu. Motokari safi kabisa haionekani ya Kivu. Fundi anachekecha vumbi, analichanganya na gundi ya maji, analipaka chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Vumbi la Goma ni jeusi. La Butembo ni jekundu. Ukiweka jekundu, mtazamaji ataelewa kwamba motokari hiyo imetoka safari ya kaskazini. Lakini linachekechwa vizuri, kwa sababu punje ya milimita moja kwa kipimo cha 1/20 ni sawa na jiwe la sentimita 2 lililong'ang'ania mlangoni.

Kiwanda kilichowaangalia watoto

Katika nchi tajiri, kazi hii imekuwa biashara tangu zamani. Maduka yanauza masanduku yenye vipande vya plastiki, mara nyingi kwa kipimo cha 1/24 ao 1/25. Mwaka 1958 kampuni ya AMT ya Marekani ilianza kuuza masanduku yenye vipande vya ziada, ili mnunuzi achague mwenyewe namna ya kuibadilisha motokari yake. Hata leo wapenzi wa kazi hiyo wanaheshimu zaidi vile visivyotoka katika sanduku: keria iliyolehemiwa kwa mkono, kiti kilichoshonwa, kamba iliyosokotwa. Wanachokiheshimu wao ndicho mtoto wa Goma anachofanya kwa kukosa njia nyingine.

Lakini mfano unaogusa zaidi ni wa kabla ya masanduku hayo. Mwaka 1930, kampuni ya Fisher Body, iliyokuwa ikitengeneza bodi za motokari za General Motors, ilifungua shindano kwa vijana wa kiume wa Marekani. Mwanzoni waliombwa kutengeneza mfano wa gari la farasi la wakati wa Napoleon, lile lililokuwa alama ya kampuni. Milango ilipaswa kufunguka, na kila kipande kilipaswa kutoka mkononi mwa kijana. Kuanzia 1937 waliruhusiwa pia kubuni motokari, kwa kipimo cha 1/12. Vijana walichonga bodi kwa mti ao plasta, wakatengeneza bampa, taa na vifuniko vya magurudumu kwa vipande vya shaba na alumini, wakapaka rangi na kusugua mpaka ing'ae.

Zawadi ya juu ilikuwa feza za kulipia chuo kikuu. Shindano lilianza wakati wa mgogoro mkubwa wa uchumi, na kwa familia nyingi hakukuwa na njia nyingine ya kupata kiasi hicho. Lilisimama wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, likarudi, likaendelea hadi 1968.

Kampuni haikuwa ikitoa sadaka tu. Ilikuwa ikitafuta watu. Mwaka 1947 mmoja wa washindi wakuu alikuwa mwanafunzi anayeitwa Chuck Jordan. Miaka miwili baadaye aliajiriwa na General Motors kama mbunifu. Kuanzia 1986 hadi 1992 yeye ndiye aliyeongoza kazi yote ya ubunifu wa motokari za kampuni hiyo, akiwa makamu wa rais wake. Wengine waliopita katika shindano hilo waliingia pia katika ofisi za kuchora za viwanda vya motokari. Kasoro moja ilikuwa kubwa: wasichana hawakuruhusiwa.

Mkongomani ambaye hawakumsadiki

Congo nayo ina mfano wake, na unafundisha jambo lingine. Bodys Isek Kingelez alizaliwa 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, akafika Kinshasa mwaka 1970. Alikuwa mwalimu kabla ya kuanza kutengeneza majengo madogo kwa karatasi, kartoni, makopo, mirija ya soda na vifuniko vya chupa. Alipopeleka kazi yake ya kwanza kwenye makumbusho ya taifa, waliokuwa huko hawakusadiki kwamba ni yeye aliyeitengeneza. Walidhani ameiiba. Ilimbidi atengeneze nyingine ili kuwaonyesha. Baada ya hapo wakampa kazi ya kukarabati vitu vya makumbusho.

Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, katika maonyesho ya Magiciens de la terre. Alifariki 2015. Miaka mitatu baadaye, makumbusho ya MoMA ya New York yalitenga nafasi kubwa kwa ajili ya miji yake ya kartoni, na watu kutoka nchi nyingi walikwenda kuiangalia.

Katika habari hiyo, sehemu ya New York ndiyo inayosimuliwa mara nyingi. Lakini kwa mzazi na mwalimu wa Goma, sehemu yenye maana zaidi ni ile ya mwanzo: mtu analeta kitu kizuri alichokitengeneza kwa takataka, na jibu la kwanza ni kumshuku. Kama asingepewa nafasi ya kutengeneza cha pili mbele yao, hadithi ingeishia mlangoni.

Kinachokosekana si vitu

Goma haikosi mikono. Ni mji wa chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayochongwa kwa shoka na kubeba magunia ya viazi na makaa. Mji uliisimamishia sanamu katikati ya barabara. Aliyebuni chukudu hakusomea uhandisi, lakini alijua uzito, mteremko na msuguano. Goma haikosi pia mahali pa kufundishia: shule za ufundi zipo, na INPP, taasisi ya serikali ya kutayarisha wafanyakazi, inafundisha kazi kama umekanika na umeme.

Kinachokosekana ni daraja kati ya mtoto wa barabarani mwenye motokari ya kopo na mlango wa shule hizo. Shindano kama lile la 1930 halihitaji kiwanda kikubwa. Linahitaji shule chache, mafundi wawili watatu wa kukaa kama waamuzi, rula kwa kila mshindani, na sheria zinazoeleweka: motokari moja ya kweli, kipimo kimoja, kila kifaa kitoke mkononi, wasichana na wavulana pamoja. Zawadi inaweza kuwa ada ya mwaka mmoja katika shule ya ufundi. Gereji inayotafuta vijana wa kujifunza kazi ingepata pale orodha ya majina bora kuliko barua yoyote ya maombi.

Hata bila shindano, mwalimu wa hesabu anaweza kuanza kesho. Somo la uwiano, ambalo wanafunzi wengi wanaliogopa, linaingia haraka kichwani likiwa na magurudumu. Mwanafunzi anayeulizwa 298 gawanya kwa 20 anaweza kusinzia. Akiulizwa aweke wapi gurudumu la nyuma la Land Cruiser yake, atapiga hesabu mara mbili ili asiharibu bati.

Kwa sasa, watoto wanaendelea bila kungoja. Giza likiingia, motokari zinaegeshwa kando ya milango, waya wa usukani umeegemea ukuta. Mzazi anayerudi nyumbani, hata kama hana kitu mfukoni, anaweza kuanza na jambo lisilolipiwa: kuinama, kuitazama vizuri, na kumuuliza mtoto aliipima namna gani.